Nyumba ya Mgeni Tumeitunza, ya Mwenyeji Je?

Mwulize mwanachuo yeyote anayesoma historia akutajie jengo moja la kale la Tabora. Atakujibu hapo hapo: nyumba ya Livingstone, Kwihara. Hata yule ambaye hajawahi kuvuka Manyoni maishani mwake anaijua. Sasa mwombe akutajie la pili. Hapo ndipo utamwona anaanza kuangalia dari.

Kwihara iko kilomita chache kutoka mjini Tabora. Stanley na Livingstone walifika pale Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, Livingstone akabaki mpaka Agosti mwaka huo huo akisubiri wapagazi na vifaa. Hesabu mwenyewe, ni kama miezi sita. Nyumba yenyewe ni tembe, yaani ile nyumba ya udongo yenye paa la bapa na ua katikati, na ilitokana na makazi ya wafanyabiashara Waarabu waliokuwa wamehamia Unyanyembe. Hiyo tunayoitembelea leo imejengwa upya, maana ile ya mwanzo ilishaanguka. Lakini jina lililobaki ni la mgeni aliyelala pale miezi sita.

Sina ugomvi na Kwihara. Itunzwe, paa lizibwe, watoto wapelekwe. Ninachouliza katika makala hii ni hiki: mji mzima wenye historia kama ya Tabora unawezaje kuwa na nyumba moja tu tunayoona inastahili kutunzwa, na nyumba hiyo iwe ya mtu aliyekuwa anapita? Hoja yangu ni kwamba Tabora inahitaji jumuiya yake, jumuiya ya hisani ya wakazi wenyewe, ya kutunza majengo ya kale ya mji. Ianzie Ng'ambo, siyo Kwihara. Na sisi tunaosoma ualimu tuna kazi ndani yake ambayo hakuna mtu atakuja kutufanyia.

Kwanza tukumbushane huu ni mji wa namna gani. Kabla ya reli na kabla ya Mjerumani, njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu. Burton na Speke walipoingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, hawakukuta pori. Walikuta mji wa biashara, wenye nyumba za tembe, maghala ya pembe za ndovu, na wenyeji waliojua bei ya pwani na bei ya bara. Kazeh hiyo ndiyo sehemu ya Tabora ya leo.

Mji huo ulijengwa na mabega ya watu. Wanyamwezi walibeba pembe kwenda pwani na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya. Watu wa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, wengine wakiwa wapagazi na wengine wakiwa wametekwa, walifika wakabaki. Ndiyo maana mpaka leo mji unaitwa Mboka Manyema, na mashabiki wa mpira wanalitamka jina hilo kwa mbwembwe bila kuuliza limetoka wapi. Kiswahili chenyewe kilishika mizizi bara kupitia njia hii hii. Hawa waliokaa wakajenga nyumba, wakapanda miembe, wakazika wazee wao. Mitaa kama Ng'ambo, Gongoni na Kanyenye ina uzao wao ndani yake.

Mimi nimekulia Ng'ambo. Nyumba za kule si za kupigia picha za harusi. Ni nyumba za matofali ya udongo, kuta nene, baraza mbele, ua nyuma, chumba cha mgeni karibu na mlango. Milango michache bado ina nakshi. Ukiingia saa nane mchana, mwezi wa kumi, Tabora inapochemka kama sufuria, ndani unakuta ubaridi. Hakuna feni. Ni ukuta tu unafanya kazi yake. Nyumba za tofali za sementi na bati zilizojengwa juzi, saa hiyo hiyo, wenyewe wamekimbilia chini ya mwembe.

Nyumba hizi zinaondoka. Haziondoki kwa vita wala kwa amri ya mtu. Mzee anafariki, warithi wako saba, mmoja yuko Mwanza, mwingine Dar, na nyumba haigawanyiki. Inauzwa. Aliyenunua anavunja anaweka fremu za biashara. Au mwenye nyumba anataka kuitunza kweli, anamwita fundi, fundi anapiga lipu ya sementi juu ya ukuta wa udongo. Inapendeza kwa msimu mmoja. Baada ya hapo unyevu unakwama ndani, maana udongo unahitaji kupumua na sementi imeuziba. Masika mawili matatu yakipita, lipu inabanduka na kipande cha ukuta. Familia inasema nyumba imezeeka. Haijazeeka, imevishwa nguo isiyo yake.

Sasa mtu atasema, si kuna sheria? Ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, na ilifanyiwa marekebisho 1979. Lakini isome vizuri. Jengo linalolindwa na sheria hiyo moja kwa moja ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo linalindwa pale tu Waziri anapolitangaza. Piga hesabu za Tabora kwa kipimo hicho. Reli ya Mjerumani ilifika mjini 1912, kwa hiyo stesheni iko nje ya mstari. Boma la Mjerumani liko nje ya mstari. Shule ya Tabora, aliyosoma Mwalimu Nyerere, ilianza miaka ya 1920, nayo nje. Mkutano wa TANU wa Januari 1958, ule wa uamuzi wa kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ulifanyika Tabora. Chochote kinachohusiana nao kiko nje zaidi. Na nyumba za Ng'ambo, ambazo nyingi wala hazina hati ya kuonyesha zilijengwa lini, ndizo zilizo mbali kabisa.

Kwa hiyo mtu akibomoa nyumba ya udongo ya miaka mia leo jioni, sheria hiyo hajaivunja. Hata kama Waziri angetaka kuitangaza, angeitangazaje wakati hakuna anayejua ipo? Mtu wa Dodoma hawezi kulinda nyumba ambayo haijaandikwa mahali popote. Hapo ndipo ninapoona pengo la jumuiya. Serikali inaweza kutangaza na kulinda, lakini lazima kuwe na watu wa mtaani wanaojua nyumba ipi ni ipi, nani anaishi ndani, na paa linavuja upande gani.

Wenzetu wameshaanza, na tuna mengi ya kujifunza kwao, mazuri na machungu. Zanzibar ina Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe tangu 1985, na mji wenyewe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Pamoja na mamlaka ya serikali, raia nao waliunda jumuiya yao ya kuutetea Mji Mkongwe. Dar es Salaam kuna kituo cha urithi wa majengo kinachojulikana kama DARCH, kilichofungua milango yake ndani ya Boma la Kale, jengo la enzi za Sultani Majid la miaka ya 1860. Kinafanya maonyesho na kutembeza watu mitaani, kuwaonyesha majengo wanayoyapita kila siku wakikimbilia daladala. Kampala kuna taasisi isiyo ya kiserikali, Cross-Cultural Foundation of Uganda, iliyotengeneza ramani na kitabu cha picha cha majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja. Yote haya yalianza na watu wachache waliochoka kuona mji wao unafutika.

Machungu sasa. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka Forodhani. Watu wawili walipoteza maisha. Ilianguka ikiwa kwenye Urithi wa Dunia, ikiwa jengo maarufu kuliko yote pale, na ikiwa kwenye ukarabati uliofadhiliwa na Oman. Yaani jina ilikuwa nalo, na fedha zilikuwepo. Ukuta haujui kusoma cheti cha UNESCO. Unachojua ni maji yanayoingia kila mvua, na kama kuna mtu anayeziba mapema kabla nguzo haijaoza. Kutunza nyumba ni kazi ya kila mwaka, ndogo ndogo, isiyo na sherehe. Kazi hiyo haifanywi na mfadhili wa mbali. Inafanywa na jirani.

Zanzibar ina funzo jingine, na hili linatuhusu sisi wa Ng'ambo kwa jina kabisa. Kule pia kuna Ng'ambo. Ni upande wa pili wa kilichokuwa mkono wa bahari, walikoishi wengi wa Waafrika wa mjini, mafundi, wavuvi, watumwa waliokombolewa na watoto wao. Mji Mkongwe ulipopata heshima ya dunia, sehemu kubwa ya Ng'ambo ilibaki nje ya mstari. Mji wa mawe ukawa urithi, mji wa udongo ukawa makazi tu. Baada ya miaka mingi ndipo idara ya mipango miji ya Zanzibar na shirika la African Architecture Matters la Uholanzi wakafanya kazi ya kuupima na kuuandika upande huo, na mwaka 2019 kikatoka kitabu kizima cha ramani, Ng'ambo Atlas. Kitabu kile kimeweka baraza, vioski, kumbi za muziki na misikiti ya mitaani kwenye ramani, kwa uzito ule ule wa kasri.

Ninaiona Tabora inaelekea kurudia kosa lile lile la mwanzo. Njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu iliwekwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006, na vituo vyake ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tabora imewakilishwa na Kwihara peke yake. Siku orodha hiyo ikikubaliwa, na ninaomba ikubaliwe, watalii watashushwa kwenye tembe ya Livingstone, watapiga picha, watarudi hotelini. Ng'ambo wataipita kwenye dirisha la gari.

Kuna watu nimejadiliana nao hoja hii hosteli mpaka saa sita za usiku, na pingamizi zao ni za haki. Nizijibu hapa.

Wa kwanza anasema: nyumba hizi ni za wafanyabiashara ya watumwa, tunatunza aibu ya nini? Ndugu yangu, hilo ndilo swali zito kuliko yote, na sitalikwepa. Ni kweli sehemu ya utajiri uliojenga Unyanyembe ulitoka kwenye pembe na kwenye binadamu. Lakini angalia kinachotokea nyumba ikibomolewa. Aibu haiondoki, ushahidi ndio unaoondoka. Tukibaki na tembe moja tu, tena yenye jina la mtu aliyesifika kwa kupinga utumwa, mtoto atadhani hadithi nzima ilikuwa ya Mwarabu mbaya na Mzungu mzuri. Mpagazi hayumo. Mnyamwezi aliyebeba mzigo kwa mkataba na kudai posho yake hayumo. Mmanyema aliyeletwa kwa minyororo, kisha akajenga nyumba, akaoa, akawa babu wa mtu unayekaa naye darasani, hayumo. Huyo wa mwisho ndiye aliyejenga Ng'ambo. Nyumba yake ndiyo inayobomolewa.

Na Isike je? Mtemi wa Unyanyembe aliyepigana na Wajerumani mpaka Januari 1893, ngome yake ilipoingiwa akawasha baruti yake mwenyewe kuliko kujisalimisha. Mji una mtemi wa namna hiyo, na bado kitu cha kwanza tunachomwonyesha mgeni ni mahali alipolala mgeni mwingine.

Wa pili anasema: wewe unasoma chuo unataka watu wabaki kwenye udongo ili nyinyi mje kupiga picha. Hili nalikubali nusu. Kuna uhifadhi wa namna hiyo, wa kumwambia mama wa watu asiweke choo cha ndani kwa sababu nyumba ni urithi. Uhifadhi huo siutetei. Jumuiya ninayoisema mimi isimzuie mtu kuweka umeme, maji wala bati. Nyumba ya kale yenye bati na tangi la maji bado ni nyumba ya kale. Isiyo na mtu ndani ndiyo inayokufa. Kinachotakiwa ni kumpa mwenye nyumba ushauri na mkono: mfereji wa kutoa maji ya mvua mbali na msingi, upenu mrefu kidogo, lipu ya udongo au chokaa badala ya sementi. Hayo ni matengenezo ya fedha ya kawaida, siyo ya ubalozi.

Wa tatu anasema: hiyo kazi ya serikali. Nimeshasema kuhusu 1863. Niongeze kwamba serikali ina mambo ya kale nchi nzima, kuanzia Kilwa hadi michoro ya Kondoa. Ukikaa kuisubiri ifike kwenye mtaa wako, itakuta fremu.

Ninavyoiona jumuiya yenyewe ni hivi.

Ianze na daftari. Kabla ya kukarabati ukuta hata mmoja, nyumba zote za zamani za Ng'ambo, Gongoni na Kanyenye ziandikwe: picha, vipimo, ramani ya vyumba kwa mkono, nani anaishi, familia inasema nani alijenga na kwa nini pale. Wazee warekodiwe kwa simu, wakikubali. Hii haihitaji mfadhili. Inahitaji futi kamba, simu yenye chaji, na adabu ya kubisha hodi.

Mwenye nyumba awe mwanachama. Jumuiya ikiwa ya wasomi na maofisa peke yao, itakuwa inazungumza kuhusu watu, siyo nao. Mwenye nyumba ndiye anayejua ukuta umepasuka lini. Ndiye atakayeamua. Jumuiya impe sababu ya kuamua vizuri.

Mafundi wawekwe mbele. Wanaojua kuchagua udongo wa kichuguu, kuukanyaga, kuulaza na kuupiga lipu wanazeeka, na vijana wanaona ni kazi ya kijijini. Kila nyumba moja inayotengenezwa iwe darasa la vijana wawili watatu, kwa mpango na VETA au bila mpango. Fundi wa mwisho akifariki bila mwanafunzi, fedha zote za dunia hazitatusaidia.

Mfuko uwe wa ndani kwanza. Hapa najua baadhi yenu mtanicheka, maana sote tumezoea mradi wa miaka mitatu, bango lenye nembo sita, semina yenye chai, kisha kimya. Wafadhili waje, lakini waje wakute watu wameshaanza, ili wasije kutuchagulia cha kutunza. Mfuko wa mbali una macho ya mbali, unamwona Livingstone kwa sababu unamjua. Wanachama 300 wakitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 600,000. Kwa mwaka ni milioni 7.2. Haijengi kasri, lakini inaziba mapaa kadhaa kila kiangazi kabla mvua hazijaanza. Na njia ya kisheria ipo wazi: Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inaruhusu kusajili jumuiya kama hii.

Sasa nije kwetu tunaosoma ualimu. Mwaka jana nilikuwa BTP kwenye shule moja ya sekondari ndani ya Manispaa ya Tabora, nafundisha Historia kidato cha pili. Mada ilikuwa biashara ya masafa marefu. Nikaandika ubaoni kwamba Wanyamwezi walikuwa wafanyabiashara na wapagazi maarufu wa karne ya 19. Wakanakili kimya, kama wanavyonakili kila kitu. Kisha binti mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, hao Wanyamwezi wa kwenye kitabu ndio sisi?"

Hakuuliza kwa utani. Kwake, historia ni kitu kilichotokea kitabuni. Wiki iliyofuata, kwa ruhusa ya mkuu wa shule, nikawatoa wanafunzi ishirini tukatembea robo saa hadi kwenye nyumba moja ya zamani ambayo wenyewe walitukubalia. Wakapima unene wa ukuta kwa rula, ikawabidi wazidishe rula ya pili. Bibi mwenye nyumba akawaeleza mizigo ilikuwa inalazwa wapi, kwa jinsi alivyoambiwa na mama yake. Kijana mmoja alisimama kwenye ua muda mrefu akasema nyumba ya bibi yake ilikuwa na ua kama huu, wameivunja mwezi wa pili. Hakuna aliyejibu. Somo lile sikuliandikia andalio la somo hata mistari mitatu, lakini kwenye zoezi la mwisho hakuna swali walilolijibu vizuri kama hilo.

Tangu mtaala ulioboreshwa wa 2023, kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili. Ni sisi, mimi na wewe unayesoma hapa ukisubiri bumu, tutakaolifundisha. Tutalifundishia wapi? Darasa lenye wanafunzi wengi na kitabu kimoja kwa watu watano linajulikana. Lakini maktaba iko barabarani, imejengwa kwa udongo, na hailipiwi kiingilio. Tukiiacha ianguke, tutabaki kuwaambia watoto wakariri.

Na muda ni mdogo kuliko tunavyodhani. Reli ilipofika Tabora 1912 iliua misafara na kuupindua mji mzima. Biashara ikahama kutoka kwenye njia ya miguu kwenda stesheni. Sasa reli ya kisasa inajengwa, vipande vya Makutupora hadi Tabora na Tabora hadi Isaka. Ninaisubiri kama kila mtu, maana nimeshachoka kulala kwenye basi. Lakini kila mtu aliyeona stesheni mpya inakuja mahali anajua kinachofuata: viwanja vinapanda, madalali wanaamka, nyumba ya udongo iliyo mahali pazuri inapata mnunuzi ndani ya wiki. Kama daftari halijaandikwa kabla ya hapo, halitaandikwa tena. Tutaandika tu orodha ya vitu vilivyokuwepo.

Ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Wizara ya elimu na utafiti ya serikali hiyo iunde klabu ya majengo ya kale, iipe chumba cha kukutania na sehemu ndogo ya bajeti ya michezo na burudani. Wanaopangiwa BTP Tabora mwaka huu wapewe fomu ya ukurasa mmoja: anwani ya mtaa, picha nne, vipimo, maelezo ya mwenye nyumba, ruhusa yake. Kila mmoja alete nyumba tano. Tukiwa ishirini, ni nyumba mia moja kabla ya mwaka wa masomo kuisha. Mia moja hizo tuzipeleke kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kwa Idara ya Mambo ya Kale, na kwa wenyeviti wa mitaa yenyewe, kisha ndipo tuzungumze kusajili jumuiya pamoja nao.

Fomu ya kwanza nimeshaichora, iko kwangu. Futi kamba mtajitegemea, Soko Kuu zinauzwa. Anayetaka kuanza wikiendi ya kwanza baada ya kufika, tukutane Ng'ambo asubuhi kabla jua halijakaza, na tubishe hodi kwa heshima, maana tunaingia nyumbani kwa watu.